Kutoka Euston hadi magati ya Liverpool

Kabla ya kupanda treni nilizunguka nje ya stesheni ya Euston, London, kutafuta mahali lilipokuwa lango lake la mawe, kazi ya msanifu Philip Hardwick ya mwaka 1837. Lilivunjwa kati ya 1961 na 1962 kupisha stesheni mpya, ingawa watu walimwendea hadi waziri mkuu Harold Macmillan kumsihi. Mawe mengi yakaishia kuziba shimo chini ya mto, mashariki mwa jiji. Uchungu ule ulizaa watetezi. Ilipofika zamu ya St Pancras, stesheni ya jirani, mshairi John Betjeman na wenzake walikuwa wameshajipanga, na mwaka 1967 ikaingizwa daraja la kwanza kwenye orodha ya majengo yanayolindwa.

Safari ilichukua saa mbili na ushei. Niliposhuka stesheni ya Lime Street, Liverpool, niliteremka moja kwa moja hadi Albert Dock, kando ya mto Mersey, na hapo nikashinda mchana kutwa.

Gati hili, yaani bwawa la meli lililozungukwa na maghala, lilifunguliwa mwaka 1846. Enzi hizo moto uliteketeza maghala mara kwa mara, hivyo mhandisi Jesse Hartley akajenga kwa matofali, chuma na mawe, bila mbao za kubeba jengo. Ukingoni mwa maji zimejipanga nguzo nyekundu za chuma, nene kiasi kwamba nilipoikumbatia moja mikono yangu haikukutana. Pembeni ipo ofisi ya zamani ya gati, yenye baraza ambalo ukilitazama kwa mbali utaapa ni la mawe. Nililigonga kwa kidole, chuma tupu. Na aliyelisanifu ni Hardwick yuleyule wa Euston! Nilisimama pale muda mrefu, nimefurahi kwamba kazi yake hii bado ipo.

Haikuponea kwenye orodha peke yake, hata hivyo. Maghala haya yalikuwa tayari yanalindwa kisheria gati lilipofungwa mwaka 1972, na bado yaliachwa yachakae huku matope yakijaa bwawani. Mambo yaligeuka mwaka 1981, serikali ilipounda shirika la kuendeleza eneo la Mersey na kulipa fedha. Shirika likazoa matope na kukarabati, na wawekezaji binafsi wakafuata. Mwaka 1988 gati likafunguliwa upya, likiwa na jumba la sanaa la Tate.

Nilipokwenda kaskazini kwa Regent Road, nikiambaa na ukuta mrefu wa itale aliouacha Hartley, nilifika ulipo uwanja mpya wa Everton. Umejengwa juu ya gati la Bramley-Moore la mwaka 1848, lililofukiwa kwa mchanga. Mradi huu, pamoja na ule mkubwa wa majengo mapya kando ya mto, ulichangia Liverpool kuondolewa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2021. Shabiki mmoja mwenye jezi ya bluu aliniambia kwamba upande ule wa mji ulikuwa umesahaulika, na kazi zilihitajika. Namwelewa. Lakini gati ni maji yake. Ukiyafukia, kuta zinabaki kuzunguka kitu ambacho hakipo. Na watu wale wasingelazimika kuchagua kati ya ajira na historia kama fedha za umma zingefika huku mapema, kama zilivyofika Albert Dock.

Mbele kidogo niliona maghala ambayo magugu yameota kwenye mifereji ya paa. Uingereza, anayejenga nyumba mpya ya makazi hatozwi kodi ya ongezeko la thamani, ila kukarabati jengo la zamani kwa kawaida hutozwa asilimia 20. Hata msamaha uliokuwepo kwa mabadiliko yaliyoidhinishwa kwenye majengo yanayolindwa uliondolewa mwaka 2012. Mwenye ghala bovu akikaa na kupiga hesabu, serikali yenyewe imeshamwelekeza kwenye kubomoa. Ningepewa nafasi mbele ya waziri wa fedha wa nchi ile, ningeanza na kodi hiyo.