Ghala la salfa

Mwaka 2017 mama aliamua kwamba Njomba hatalala tena kwenye kibanda cha nyasi.

Hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuja Tandahimba akiwa kijana, kutoka Nanyumbu, akitafuta vibarua vya palizi, akazoeana na shamba letu la mikorosho hadi sisi watoto tukamwita Njomba, yaani mjomba, yeye na mama wakaitana kaka na dada. Kupalilia, kupogolea, kupuliza salfa, kuokota korosho, yote aliyajua kuliko sisi tuliozaliwa pale. Msimu ukiisha alirudi kwao. Mwaka ule akasema anataka kumleta mkewe na watoto, wahamie moja kwa moja.

Shambani kulikuwa na ghala alilojenga babu, la miti na udongo, limeezekwa bati. Zamani korosho zilirundikwa humo zikisubiri mnunuzi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, korosho zikishakauka zinakwenda chama cha msingi cha ushirika, kisha ghala kuu, zinauzwa kutoka huko. La babu likabaki la salfa, majembe na mashine ya kupulizia. Kaka yangu aliona kazi ni ndogo: tutoe vitu, tufagie, tuingize kitanda.

"Mama, lile lina bati kabisa," alisema.

"Wewe utalala humo?" mama akamuuliza. Kaka akanyamaza.

Asiyeishi kwenye korosho huenda haijui salfa. Ni unga wa manjano tunaoipulizia mikorosho wakati wa kipupwe, alfajiri kabla upepo haujaamka, ili ubwiri unga usiunguze maua. Usipopuliza, msimu umekwenda. Lakini unga huo huo huwasha macho, hukereketa kifua, na unashika moto, moshi wake unakaba koo. Ghala lile lilikuwa limeumeza kwa miaka. Ukipiga ukuta kwa kiganja, vumbi la njano linakurudia. Mama akawaza watoto wamelala humo, kibatari kinawaka, akasema hakuna kufagia. Kufagia kungeurusha tu.

Tukaanza kwa kunyunyiza maji, na maji kwetu si kitu cha kumwaga ovyo, maana uwanda wote huu wa juu wa Makonde ni mchanga, mvua inazama chini kabisa. Tukabandua udongo wa kuta hadi fito zikabaki wazi kama mbavu. Sakafu tukaichimba, tukabeba udongo ule mbali. Hapo ndipo tukaona nguzo mbili za nyuma zimeliwa na mchwa, zimebaki maganda. Bila kubandua tusingejua, na ukuta ungewaangukia wenyewe.

Fundi alitoka kijiji cha jirani, mzee mpole asiyependa kuharakishwa. Ghala halikuwa na dirisha hata moja, ila matundu ya hewa juu karibu na bati. Akakata fito bila kugusa nguzo, akaweka madirisha mawili yanayotazamana ili upepo uingie huku utokee kule. Bati bila dari hupika watu mchana, kwa hiyo mama akataka dari ya mianzi. Kaka akalalamika gharama. Korosho mwaka ule zilipita shilingi 3,000 kwa kilo, na mama hakuchoka kumkumbusha nani aliziokota. Tukakandika upya, tukagawa vyumba viwili, sakafu ikapigwa saruji.

Muda wote huo Njomba alifanya kazi kimya. Hakuchagua dirisha likae wapi wala chumba kipi kiwe kikubwa, kila akiulizwa alisema, "Utakavyoona, dada." Siku fundi alipokuwa anarudishia mlango wa zamani, ndipo akasogea.

"Dada, mlango huu unafungwa kwa nje."

Ni kweli. Komeo lilikuwa nje, na kufuli lake nje, maana korosho na salfa haziamki usiku kujifungia. Mimi nilipita pale mlangoni tangu utotoni na sikuwahi kuliona hilo. Mama alimtazama fundi, fundi akashusha mlango bila kuambiwa. Kesho yake nilitumwa mjini kununua kitasa, bawaba mpya na komeo la ndani. Funguo zilikuja mbili. Kaka akanyoosha mkono achukue moja, iwekwe nyumbani kwa dharura. Mama akazitia zote mbili kwenye kiganja cha Njomba.

Bati la babu likatupa neema nyingine. Tulifunga mfereji upande wa mteremko na kuchimba kisima cha kuvunia maji ya mvua, tukakipiga saruji ndani, mdomo mwembamba wenye kifuniko. Mvua ya kwanza tuliiacha imwagike, kwa sababu bati lilikuwa na vumbi la salfa ya msimu mzima. Ya pili ndiyo iliyoingia.

Mke wa Njomba alifika na watoto watatu na kuku. Akazunguka nyumba, akashukuru, kisha akauliza jiko liko wapi. Hatukuwa tumelifikiria. Alijenga mwenyewe, upande ambao moshi hauingii ndani.

Lililomsumbua mama zaidi halikuwa la udongo wala bati. "Akizeeka, asiweze tena kushika jembe, mtamtoa?" alituuliza usiku mmoja. Kaka akasema hilo ni la baadaye. Mama hakukubali liwe la baadaye. Alimwita mwenyekiti wa kijiji, karatasi ikaandikwa: nyumba ile na uwanja wake ni ya Njomba na mkewe kukaa maisha yao yote, awe anafanya kazi kwetu au hafanyi. Mama akatia dole gumba, Njomba naye, mwenyekiti akagonga muhuri. Kaka alisaini wa mwisho, na msimu uliofuata ndiye aliyejenga kibanda kipya cha salfa, ng'ambo ya shamba, mbali na kisima.