Siku yangu na kasa wa ndara

Saa 12 asubuhi. Maji yamekupwa hapa Nyali na mwani umebaki mstari mrefu mchangani. Humo ndimo ninamotafutia vifaa vya video zangu za mashairi, ninazozitengeneza kwa kusogeza taka na kuipiga picha moja moja: visoda, miswaki, vipande vya nyavu, ndara za mguu mmoja. Leo nimeokota chupa yenye maandishi ya Kiindonesia. Mkondo wa Ikweta Kusini huvusha taka kutoka ng'ambo ile ya Bahari ya Hindi hadi kwetu. Lakini sehemu kubwa ya gunia langu imetoka maduka ya hapahapa Mombasa, na hilo ndilo linaloniuma.

Saa 2. Naosha mchanga na chumvi, ila sing'arishi. Plastiki iliyopauka kwa jua na kumegwamegwa na mawimbi huonyesha wazi imeteseka wapi. Nikiisugua itageuka pambo. Video nyingi za taka za bahari hupendeza mno, mtazamaji akabaki kusifu rangi. Yangu nataka imkere.

Saa 3 na nusu. Niko Kibokoni kwa malenga wangu. Tumetundika leso chumbani ili sauti isirudi, naye anaghani:

Nimemeza si konyeza, ni mfuko wa dukani,
Tumboni umenijaza, na chakula sitamani,
Kuzama nimejikaza, naelea baharini,
Mawimbi yaniuliza, aliyetupa ni nani?

Msemaji ni kasa. Mfuko ukielea majini yeye hudhani ni konyeza, yule kiumbe laini wa baharini anayemla, akaumeza. Ukiziba utumbo, gesi hujaa na kasa hawezi tena kupiga mbizi. Kule Watamu wahifadhi hupokea wagonjwa wa namna hii. Mifuko ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019, lakini iliyokwisha kuingia baharini haikusoma sheria.

"Mwanangu, picha usizikimbize," ananiambia nikiaga. "Mshororo una mizani kumi na sita, kila mizani ipate pumzi yake."

"Nimesikia, mama."

Saa 5 hadi saa 11 jioni. Hii ndiyo kazi yenyewe. Nina vioo viwili vilivyoachana kwa kimo cha shubiri, taa chini, kamera juu ikitazama meza. Kioo cha chini ni bahari: vipande vya madumu ya buluu. Cha juu ni kasa, niliyemkata kwenye ndara na kumuunga viungo kwa waya mwembamba. Ndara niliichagua kwa heshima ya mafundi wa Lamu walioiunda Flipflopi, jahazi la plastiki iliyotumika, likavikwa ndara zipatazo 30,000 na kusafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar mwaka 2019.

Nasogeza pezi kidogo, napiga picha. Nasogeza tena, napiga. Sekunde moja yataka picha 12, na malenga huumaliza mshororo kwa sekunde sita hivi. Basi kila mshororo ni picha 72. Mfuko ukimulikwa kutoka chini hung'aa na kutanuka, utadhani ni konyeza kabisa. Hapo hata mtoto anaelewa kwa nini kasa alidanganyika.

Ninachokipenda zaidi ni kibwagizo. Kila kinaporudi, naongeza taka juu ya kioo na siondoi iliyotangulia. Swali lilelile linaulizwa, picha inazidi kusongwa. Ubeti wa mwisho, kasa haonekani. Twasikia sauti yake tu.

Saa 1 usiku. Naunganisha picha na sauti. Sitii muziki. Sauti ya malenga na mawimbi yanatosha.

Saa 3. Natoa nakala nyepesi ya wima, kwa maana wavuvi ninaotaka waione hutazama kwenye simu na bando ni ghali. Namtumia malenga kwanza. Jibu lake laja kwa sauti: picha amezikubali, ila ametunga ubeti mwingine, wa nyavu zilizotelekezwa ambazo huendelea kunasa samaki bila mvuvi, na anataka uingie kabla ya kibwagizo cha mwisho. Ana haki. Kesho nitapita Bandari ya Kale kuwaomba wavuvi nyavu kuukuu.