Tiketi alishanunua

Leo siku ya nne hili jambo linanizunguka kichwani, naosha vyombo lipo, napanda treni lipo, acha niliandike labda litaniachia.

Bibi yangu wa Jumanne mnamjua, mzee ninayemtunza, yule wa Queens wa chai isiyo na sukari, sio yule wa paka. Basi kaniagiza boksi chini ya kitanda, kumbe slaidi za marehemu baba yake, na projekta inanguruma kama jenereta ya jirani yetu Tabata. Nikafunga mapazia. Jamani rangi! Filamu ya Kodachrome, miaka themanini na kitu, nyekundu bado nyekundu, utasema zimepigwa Idi iliyopita. Maonyesho ya Dunia ya New York, 1939, yaani fikiria Sabasaba lakini ya dunia nzima, hapohapo Flushing Meadows ninapopita na treni namba 7 na zamani palikuwa jalala la majivu. Kuna mnara mweupe mwembamba umechongoka kama sindano na pembeni yake tufe la mita 55, chini watu kibao, kina mama na kofia zao, na katoto ka miaka sita kanalamba koni ya aiskrimu, ndo yeye bibi. Kwenye fremu ya kadibodi baba kaandika kwa penseli: 12 Agosti 1939.

Nikahesabu kwa vidole. Siku 20 baadaye Ujerumani inaivamia Poland. Na mimi na mdomo wangu nikasema, "Maskini, wanacheka, hawajui kinachowajia."

Bibi hata hakugeuka. "Nani kakwambia hawajui?"

Kimya. Akabonyeza, ikaja banda la Chekoslovakia, akasema hii nchi Hitler alishaimeza tangu Machi, na banda wakalifungua hivyohivyo. "Baba alikuwa anasoma magazeti mawili kwa siku. Alijua vizuri sana. Ila tiketi alishanunua."

Senti 75, akaongeza, kama vile nimemuuliza bei.

Hakusema kwa ukali na ndo kinachoniuma, angefoka ningejua pa kushika. Ila tiketi alishanunua. Nimelirudia kwa sauti zote, la utani, la kuchoka, la kunisuta. Ningeweza kumuuliza baba yako alikuwa mtu wa namna gani, ningeweza kusema samahani, mimi nikamuuliza kama anataka mto. Mto! Na lile "maskini" nililisema kwa Kiingereza, kwetu lina huruma ndani yake, kwao naona lilitoka kama namsikitikia mzee wa watu kwa ujinga wake.

Katikati ya hayo dada kajifungua salama Jumatano, wa kiume, na ofisini wamenikata masaa, hayo siku nyingine.

Jana nikamshikia mwenzangu zamu nikarudi kwake moyo unadunda, hata koti sijavua bibi anasema washa mashine. Tukaanzia banda la Poland, na mbele yake sanamu ya mfalme juu ya farasi, kanyanyua panga mbili kazikutanisha juu ya kichwa. Nikaruka: huyu namjua! Si ndo yule Jagiełło wa Central Park, enzi zile nalea mtoto wa watu (mnakumbuka) nilikuwa nakaa chini yake nakula chipsi kitoto kikilala. Bibi akasema ndo huyohuyo, alikuja kwa maonyesho tu, vita ikaanza akashindwa kurudi kwao, wakamtafutia mahali pa kukaa.

"Kama wewe," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Ikafuata Elektro, roboti la kampuni ya Westinghouse, lijitu la chuma refu kuliko mlango, linaongea na linavuta sigara, kweli kabisa linavuta, na baba kamkata kichwa kwenye picha umebaki mkono na moshi. Bibi anasema mama yake alitoka pale anamgombeza mumewe, ona, hata bati linavuta kwa adabu kuliko wewe. Tulicheka hadi jirani kagonga ukuta.

Halafu taa ya projekta ikaungua, zimebaki kama slaidi arobaini, nimeambiwa nitafute taa mtandaoni na wanazouza bei zao ni wizi.

Ila mama tangu juzi usiku WhatsApp tiki moja tu. Simu haiiti. Aliye jirani na nyumbani apite basi amwangalie, na kile kikohozi bado alikuwa nacho.