Mbuzi ya Bibi na drami ya Fuso

Mbuzi ya Bibi ya kukunia nazi ilikatika chuma Desemba 2006, wiki mbili kabla ya Idi Kubwa. Nilikuwa nyumbani Ngamiani, Tanga, nasubiri matokeo ya kidato cha nne, kazi yangu kula na kulala. Vile vyuma vya sokoni vinavyokatwa kwenye bati Bibi hakuvitaka hata kuvisikia. "Nazi tatu tu, meno yamelala." Nikajitia kimbelembele: nitamfulia mwenyewe.

Gereji ya jirani walinipa drami ya breki ya Fuso, chakavu, nzito hivi kwamba niliibiringisha njia nzima mpaka uani. Ukiitazama utadhani iliumbwa iwe jiko: kuta nene, tundu katikati. Tundu nikaliziba kwa bamba la chuma lililotobolewa vitundu, na chini yake fundi wa kuchomelea akaunga bomba la umbo la T, ubavuni pa kuingizia upepo, chini pa kumwagia majivu. Mivukuto sikuwa nayo. Nilifunga feni ya hita ya gari, ikazungushwa na betri ya volti 12. Fuawe, yaani chuma cha kufulia juu yake, ilikuwa kipande cha ekseli nilichokizamisha kwenye gogo la mwembe. Reli ingefaa zaidi, lakini kukutwa na chuma cha reli ni kesi, nami sikutaka Idi inikute mahabusu.

Vitu vyote hivyo niliokota au nilipewa, isipokuwa bomba. Hilo nililinunua jipya, bomba la maji, linang'aa kama fedha. Na ndilo lililonitia adabu.

Nikawasha vifuu, nikaongeza mkaa, nikafungulia feni. Cheche zikaruka mpaka kuku wakahama ua. Robo saa haikupita, shingo ya bomba ikaiva nyekundu. Moshi mweupe ukapanda, ndimi za moto zikageuka kijani, na vijinyuzi vyeupe vikaanza kuelea hewani kama sufi. Mimi nikaona uzuri. Nikainama nitazame vizuri.

Usiku mdomo ulikuwa na ladha ya sarafu. Nikatetemeka chini ya blanketi, kiu haikatiki, kifua kimebana. Kila mtu akasema malaria. Dispensari wakapima damu, hawakuona kitu. Kesho yake jioni homa ikaondoka yenyewe, kana kwamba haikuwahi kuja.

Bibi akanituma kwa mhunzi mmoja mzee anayemfahamu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ulipuliza moto kwa bomba la zinki, siyo?" Nilikuwa sijafika hata nusu ya kisa. Akacheka mpaka akakohoa. "Kufua nazi unajua, kufua nguo unajua. Kufua chuma bado, mjukuu wangu."

Zinki, ile iliyopakwa bomba lisishike kutu, inachemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na moshi wake ndio ulionitia homa. Hilo nililisoma miaka mingi baadaye. Mzee alilijua kwa pua. Aliniambia nikang'oe bomba lote, niweke la ekzosi lililoliwa na kutu, na nisiwashe tena nikiwa nimeupa upepo uso.

Chuma cha mbuzi nilikitoa kwenye bapa la springi ya pikapu. Kukikunjua tu lile pindo lake kulinimalizia debe zima la mkaa. Nikakipanua ncha, nikachonga meno kwa tupa ya pembetatu, nikakipasha na kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Tiki! Ufa kutoka jino la tatu hadi katikati.

Nikaanza upya. Safari hii nilining'iniza sumaku ya spika kwa waya kando ya moto, maana mzee alisema chuma kikikataa sumaku ndipo kimefika. Kilipokataa nikakizamisha kwenye oili chafu. Moto ukaruka, nyusi zikaungua kidogo, lakini ufa hapana. Kisha nikakirudisha polepole pembeni ya makaa mpaka kikapata rangi ya asali.

Mkesha wa Idi Bibi aliikalia mbuzi yake, akapasua nazi, akakuna kifuu kimoja bila kusema neno. Akachota nazi iliyokunwa kwa vidole, akaitazama, akaigusa ncha ya jino.

"Kali mno hii. Itakuna mikono yangu kabla ya nazi."

Nikaenda kutafuta jiwe la kunolea, niyapunguze makali.