Nilivyoweza kumwandika mama

Mama alifariki nikiwa na miaka 11, siku nne baada ya kumzaa kitinda mimba wetu. Kwa miaka mingi nilijaribu kumwandika nikashindwa. Kila rasimu ilikuwa kilio changu mwanzo hadi mwisho, yeye mwenyewe haonekani. Kazi yangu ni kuhariri hadithi za wengine. Kasoro kama hiyo ningeiona kwa mwenzangu ukurasa wa kwanza tu.

Aliyenitoa gizani ni William Maxwell, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1908 katika mji wa Lincoln, Illinois. Alihariri hadithi katika jarida la The New Yorker kuanzia 1936 hadi 1975. Kazi za waandishi John Cheever, Eudora Welty na John Updike zilipita mikononi mwake. Siku kadhaa za wiki alibaki nyumbani kuandika zake. Na mama yake alichukuliwa na ile homa kuu ya mafua ya 1918 na 1919, siku chache baada ya kujifungua. Maxwell alikuwa na miaka 10.

Riwaya yake They Came Like Swallows, ya 1937, ina sehemu tatu: ya mtoto mdogo, ya kaka yake, ya baba yao. Mama hana sehemu. Hata hivyo, ukifunga kitabu unaona umeishi naye nyumba moja. Niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa na penseli.

Nikaziweka kando rasimu zangu, nikajitengea Jumamosi, nikaanza kwa kumuuliza mdogo wangu wa kike anachokumbuka. Wakati ule alikuwa na miaka sita. Msiba hakuutaja kabisa. Alitaja mama akimsuka barazani, kichwa kimebanwa magotini, na harufu ya mafuta ya nazi. Niliandika hayo kwa macho yake. Sehemu yangu niliifanya fupi kuliko zote.

Ya baba ndiyo iliyonitesa, maana baba si msemaji. Maxwell aliurudia msiba uleule mwaka 1980, akiwa amevuka miaka 70, katika riwaya nyingine, So Long, See You Tomorrow. Humo baba anazunguka usiku chumba hadi chumba, na mtoto anatembea naye, mkono kiunoni mwa baba yake. Nilipofika hapo nililia sana. Nilikumbuka baba akifua nepi za mtoto uani usiku wa manane, majirani wasimwone, nami nimemshikia taa ya chemli. Hatukusemeshana. Katika rasimu zote zile, usiku huo haukuwemo hata mara moja.

Nilianzia hapo. Ilipokamilika nilimsomea baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kitambo.

"Taa uliishika kwa mkono wa kushoto, mwanangu," alisema. "Wa kulia ulikuwa umeshika shati langu."