Mama mkubwa, dagaa na samaki wa maabara

Mama mkubwa amekausha dagaa Musoma maisha yake yote. Siku hizi nikimpigia, saa mbili usiku, ananiuliza: "Mwanangu, dagaa wameanuliwa?" Namwambia wameanuliwa. Dakika mbili hazipiti, anauliza tena. Jirani wanasema karogwa, na hilo linaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Mimi huku Ujerumani natunza samaki pundamilia. Asili yao ni mito ya India na Bangladesh, urefu hawafiki hata kidole, na dagaa wa Ziwa Victoria ni wa ukoo mmoja nao. Jioni namtenga dume na jike kwa kizuizi. Asubuhi taa zikiwaka nakivuta, na muda si mrefu mayai yamejaa chini ya chombo, kila moja kama milimita moja. Hapo ni mbio: yai linaanza kugawanyika baada ya dakika arobaini na kitu. Kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele nalichoma, naingiza jeni ya binadamu ya tau, ile protini inayojisokota ndani ya seli za ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu.

Kifaranga chake kinapitisha mwanga. Siku ya pili unauona moyo ukidunda, na ukizitia rangi seli za neva unazitazama zikifa, samaki akiwa hai. Kwa mtu huwezi.

Najua kifaranga cha siku tano si mzee wa miaka sabini, na samaki huyu hapati Alzheimer mwenyewe, ni sisi tunaompa. Dawa ikimfaa yeye, safari bado ndefu. Lakini kuna jambo linalonirudisha maabara kila asubuhi. Mwaka 2016 watafiti wa Dresden, huku Ujerumani, walionyesha kwamba samaki pundamilia aliyekomaa akitiwa ubongoni amiloidi, protini nyingine inayorundikana kwa wagonjwa wa Alzheimer, seli zake za shina, zile zinazoweza kuzaa seli nyingine, zinaamka na kuzaa seli mpya za neva. Wakaifuata ishara inayoziamsha, ni interleukini-4, kemikali ya kinga ambayo hata sisi tunayo. Basi kwa nini seli za shina za mama mkubwa zimelala?

Jumapili nilimwonyesha vifaranga kwa simu ya video. Akasogeza uso, akatazama kimya.

"Wadogo mno hawa," akasema. "Warudishe ziwani."