Kopo lenye mfuniko mwekundu

"Mama, kwa nini kila ukinipaka mafuta unanibonyeza hapa?"

Aliuliza jana usiku, mkono wa kushoto kauinua, kovu lake limelala chini ya kwapa kama uzi. Ana miaka 7. Nikamjibu kuwa naangalia kama amenenepa. Akaridhika, akalala. Mimi usingizi haukuja.

Mwaka 2019 alikuwa na miezi 14. Mama mkwe ndiye aliyekiona akimwogesha: kivimbe laini ubavuni, kama kunazi, wala hakimuumi. Zahanati wakasema ni jipu linaiva, wakatupa dawa ya kunywa. Jipu gani halina joto, halimlizi mtoto? Sikuuliza. Mama mkwe akawa anakikanda kwa maji ya moto kila jioni. Baada ya miezi miwili kilikuwa kama limau. Siku hiyo nilimwambia mama mkwe maneno ambayo mkwe haambiwi.

Kisha mambo yakaenda mbio: rufaa, altrasaundi, CT-scan ya kuona kama kimepenya kati ya mbavu. Hakikupenya. Daktari wa upasuaji wa watoto akasema vivimbe vya namna hii kwenye ubavu wa mtoto ni nadra, lakini kinachokua kwa kasi hiyo lazima kitolewe chote, kikapimwe. Alfajiri nikamnyima ziwa, nikamkabidhi mlangoni, akapigwa nusu kaputi.

Nesi alitoka na kopo la plastiki lenye mfuniko mwekundu, limebandikwa plasta yenye jina la mwanangu na namba ya faili. "Mama, peleka maabara, jengo la kule nyuma." Akarudi ndani. Nikabaki nalo mikononi. Ndani ya formalini, ile dawa ya kuhifadhia kisioze, kilikuwa kinaelea: cha manjano, mafundo mafundo, kama mafuta ya kuku wa kienyeji. Harufu ilipenya mfuniko ikanichoma macho, au labda yalikuwa machozi. Jua lilikuwa kali uwanjani. Nikajikuta nimelifunika kopo kwa khanga ili lisipigwe na jua, natembea polepole, nimelikumbatia kifuani, vile vile nilivyombeba yeye siku tuliyotoka wodi ya wazazi. Watu wananisalimia, naitikia. Dirishani kijana wa maabara aliuliza umri. "Mwaka na miezi mitano," nikasema. Kalamu ikasimama. Akaninyooshea risiti kwa mikono miwili. "Pole, mama. Njoo baada ya wiki mbili."

Zikawa tatu.

Daktari alisoma jibu: lipoblastoma. Nikashika kiti. Akaniwahi: si saratani, hakisambai mwilini. Ni chembe changa za mafuta ambazo hazijakomaa, huwapata zaidi watoto wasiofika miaka 3, na hukua haraka mpaka zikatisha watu. Ila kikibaki kipande kinaweza kuota tena palepale. Kwa hiyo tumlete kliniki kwa miaka kadhaa, na nyumbani niwe nampapasa.

Nikamuuliza kama kule kukanda ndiko kulikokikuza. Akasema hapana, kingekua tu. Mama mkwe alikuwa amekaa kando yangu, mkoba mapajani. Alisikia. Tulipanda daladala, tukarudi bila kusemezana, nami nikajiambia nitamwomba radhi mtoto akipona kabisa. Mtoto alipona. Mama alifariki mwaka juzi.

Kliniki walishatuaga. Mkono wangu bado unakwenda pale wenyewe kila usiku, na sijui nimweleze nini mtoto ambaye hakumbuki lolote: aliumwa, au mimi ndiye niliyeumwa?

Leo jioni nimeingia na kopo la mafuta. Kabla sijakaa kitandani, kashainua mkono.

"Haya, mama. Nimenenepa?"